Msimamizi Aliyeacha Kusalimia

Inspekta alifungua faili kwa mara ya nne asubuhi ile na kuisoma tena sentensi aliyoiandika mwenyewe jana yake: "Amepigwa kichwani kwa kitu kizito." Mwandiko ulikuwa umelalia upande. Ilikuwa siku yake ya kumi na moja kazini bila mapumziko, na hata herufi zake zilionekana kutafuta mahali pa kujilaza.

Upande wa pili wa meza alikaa mtunza stoo wa kiwanda cha maziwa, mzee mfupi wa miaka hamsini na nane, bila mkanda na bila kamba za viatu. Kiwandani walimwita Mzee Saizi. Koti lake la kazi, lililokuwa jeupe jana asubuhi, sasa lilikuwa na rangi ya sakafu ya mahabusu.

"Mzee, tuanze upya," Inspekta alisema.

"Tumeanza upya mara tatu, afande."

"Basi hii ya nne. Jana saa tatu asubuhi msimamizi wa zamu aliingia stoo kwako. Watu wa chumba cha chupa walisikia mkigombana. Mmoja alikusikia ukisema, 'Leo utanitambua.' Muda mfupi baadaye mama wa usafi akafungua mlango. Akakuta taa imezimwa, msimamizi yuko chini anavuja damu kichwani, na wewe umesimama karibu yake na upembo mkononi. Kuna neno la uongo hapo?"

"Hakuna. Yote kweli."

"Na hukumpiga."

"Sikumpiga."

Inspekta alijikanda katikati ya nyusi. Upembo wenyewe ulikuwa umeegemezwa ukutani na kijikaratasi cha namba ya kielelezo: fimbo ndefu yenye ndoano ya chuma, ya kushushia maboksi kutoka rafu za juu. Haukuwa na tone la damu. Jana alijiambia kwamba mzee aliupangusa. Leo alijiuliza aliupangusa na nini, maana kitambaa chenye damu hakikuonekana popote, na mzee hakutoka mle chumbani.

"Nani alizima taa?"

"Mimi. Yeye ndiye aliniambia. Tulikuwa tunafoka, mara akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema, 'Mzee, zima hiyo taa, inanichoma macho.' Nikazima. Nikamsikia anatapika. Kisha akaenda chini kama gunia, na kichwa kikagonga kona ya rafu. Nilikuwa nimeganda, afande. Mama wa usafi akafungua mlango nikiwa bado nimeganda."

"Na 'leo utanitambua'?"

"Huo ni mdomo. Nimesema sana maneno hayo maishani na hakuna aliyewahi kunitambua."

Koplo aliyekuwa akiandika maelezo alicheka, akajifanya anakohoa.

"Mlikuwa mnagombania nini?"

"Mabuti." Mzee alisema neno hilo kwa uchovu wa miaka. "Pale kwetu kila mtu anavaa buti nyeupe za mpira. Za zamani zinarudi, ndipo mpya zinatoka, mara moja kwa mwaka. Yule bwana alipoajiriwa nilimpa arobaini na mbili. Miaka mitatu iliyopita akaja akasema zinambana, nikampa tatu. Mwaka uliofuata, nne. Mwaka jana, tano, na bado hakuacha kulalamika. Jana anakuja anataka arobaini na sita! Mtu mzima wa miaka arobaini na nne, miguu inakua kama ya mtoto wa shule? Nikasema huyu ananichezea. Anachukua mabuti anagawia mashemeji zake. Yeye naye anasema mimi ninampa ndogo makusudi, ninamwonea wivu wa cheo."

"Na macho yako yalikuambia nini? Si ndiyo sababu wanakuita Saizi?"

Mzee aliinamisha kichwa, akatazama chini ya meza. "Wewe mguu wako ni thelathini na tisa, umevaa thelathini na nane. Ndiyo maana ulipoingia ulikuwa unachechemea."

Inspekta alivuta miguu yake nyuma. Koplo alikohoa tena.

"Nimekuuliza yeye," alisema.

Mzee aliinua macho kutoka chini ya meza. "Macho yaliniambia sita," alisema hatimaye. "Jana alipoingia tu. Nikayakatalia. Nikaamini kitabu cha stoo, kimeandika tano."

Simu iliita. Alikuwa mkuu wa kituo, na sauti yake ilijaa chumba kizima. "Saa kumi kamili faili liwe kwa mwendesha mashtaka. Nimeongea na hospitali. Mtu wenu huenda asifike jioni. Akifa, badilisha kichwa cha kosa uandike mauaji. Usianze kuzungukazunguka."

Alipokata simu, mzee alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa vidole vyote kumi.

"Afande," alisema taratibu, "akifa mimi nimekwisha, au siyo?"

Inspekta alifunga faili. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

*

Stoo ilikuwa chumba kirefu chembamba kisicho na dirisha. Ilinuka mpira mpya na dawa ya kuoshea matangi. Mama wa usafi, mwenye funguo za akiba, alimfungulia na kubaki mlangoni akiwa ameukumbatia mpini wa dekio.

"Sijafuta kitu. Mlisema nisiguse, sijagusa. Harufu tu ndiyo imeniuma roho."

Inspekta alichuchumaa. Matapishi yaliyokauka yalikuwa hatua tatu kutoka mlangoni. Alama ya damu ilikuwa mbele zaidi, chini ya kona ya rafu ya chuma, na juu ya kona yenyewe zilinata nywele chache. Mtu alitapika kwanza, akapiga hatua mbili, kisha akaanguka. Jana alikuwa ameyaona yote haya na kuyapanga kinyume: kapigwa, kaanguka, katapika. Lakini matapishi hayatembei kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Mama, huyu msimamizi alikuwa mtu wa namna gani?"

"Nisiseme vibaya mtu aliye kitandani."

"Sema tu."

"Alikuwa mzuri zamani. Cheo kilipoingia kikamharibu. Aliacha kusalimia watu. Unasimama hapa, yeye anapita hapo, unamwambia habari za asubuhi, anaruka kama umemrushia maji. Ukinyamaza anakupita kama nguzo. Mara mbili amepiga teke ndoo yangu, na wala hakutazama nyuma. Zamu nzima ilikuwa imemchoka. Ukitafuta mwenye sababu ya kumpiga, afande, chukua daftari kubwa."

Inspekta alikuwa na daftari hilo tayari. Jana alikuwa ameandika watu kumi, na wote walikuwa na malalamiko yaleyale: maringo.

"Hakukusalimia hata siku moja?"

"Mbona alinisalimia. Juma lililopita tulikutana uso kwa uso kwenye korido. Akaniamkia vizuri, akauliza hali ya mjukuu wangu na jino lake. Nikashangaa, leo huyu kaamka na upande gani." Mama alihamisha dekio bega la pili. "Ukimjia kwa mbele ni mtu. Ukiwa pembeni, huna thamani."

Inspekta aliacha kuandika. "Ndoo alizozipiga teke zilikuwa wapi?"

"Pembeni ya njia. Siwezi kuweka ndoo katikati, watu si watapita juu yangu?"

"Zote mbili pembeni?"

"Zote mbili. Moja kushoto, moja kulia."

Inspekta alisimama. Magoti yalilia, na kidole kikubwa cha mguu kikamkumbusha yale maneno ya mzee. Alitazama rafu zikipanda mpaka darini, maboksi yamepangwa kwa namba: thelathini na sita chini, arobaini usawa wa kifua, arobaini na nne juu ya kichwa. Rafu ya juu kabisa, yenye mabuti yasiyoombwa na mtu, ilikuwa na vumbi zito. Boksi moja lilikuwa limetoka nusu nzima, linaning'inia ukingoni. Upande wake wa mbele kulikuwa na tundu jipya, karatasi imechanika kwa ndani, upana wa ndoano.

Alivuta ngazi, akapanda, akasoma namba kwenye boksi.

Arobaini na sita.

Alikaa juu ya ngazi ile muda mrefu kiasi kwamba mama wa usafi akamuuliza kama anaumwa. Mzee alipiga kelele, alitukana, alitishia. Kisha akachukua upembo ili amshushie mtu mabuti yake. Fimbo ilikuwa mkononi kwa sababu alikuwa amekubali yaishe.

"Kwa nini hukuniambia?" Inspekta aliliuliza boksi.

"Kukuambia nini?" mama wa usafi aliuliza.

"Si wewe, mama."

*

Wodi ya mahututi ilikuwa ghorofa ya pili. Lifti ilikuwa na kibao cha kuomba radhi kilichofifia kwa jua. Mke wa msimamizi alikaa kwenye benchi la nje, mfuko wa plastiki mapajani, ndani yake nguo za mumewe na pasi yake ya kazi.

"Mmemfunga yule mzee?" alisema kabla ya salamu.

"Yuko kituoni, dada. Pole sana. Naomba uniambie kidogo kuhusu afya ya mumeo."

"Afya yake ilikuwa nzuri mpaka alipopigwa."

"Hakulalamika kitu?"

"Kichwa. Nani haumwi kichwa? Ana zamu, ana watoto, ana mimi." Alitabasamu bila kutaka. "Na jasho. Mashuka nafua kila siku. Anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Nikamwambia, baba, nenepa kwa mpango."

"Alinenepa?"

"Si tumbo. Mikono, uso. Pete ya ndoa tuliikata kwa sonara mwaka juzi, kidole kilikuwa kimeshaanza kuwa cheusi."

Inspekta aliomba pasi ya kazi. Picha ilikuwa ya miaka sita iliyopita: kijana wa uso mwembamba, pua nyembamba, meno yamebanana. Aliichukua mpaka kwenye kioo cha wodi na kuishikilia mbele ya macho yake, kando ya mtu aliyelala kitandani. Taya lilikuwa limetokeza. Pua imepanuka, paji la uso limechomoza kama kibaraza. Kope moja ilikuwa imelegea, imefunika nusu ya jicho. Miguu ilivuka mwisho wa shuka, mipana, na visigino vyenye alama nyekundu za mpira.

Ungeweza kusema ni kaka mkubwa wa yule wa kwenye picha. Waliomwona kila siku hawakuweza kuuona uso ukibadilika, kama vile mtu asivyoona kucha zake zikikua.

Daktari wa zamu alikuwa binti mwenye macho mekundu na kalamu tatu mfukoni, moja tu ikiandika. Alikuwa na saa ishirini na sita kazini. Walitazamana kama watu wawili waliopanda treni moja bila kupata viti.

"Dakika tano," daktari alisema.

"Ana majeraha mangapi kichwani?"

"Moja. Hapa juu ya nyusi. Dogo, nimeshona nyuzi nne."

"Kama angepigwa kwanza, kisha akagonga kona ya chuma, yangekuwa mawili."

"Huenda. Lakini ndani kuna damu. Fomu ya polisi uliyotuletea jana ilisema kapigwa kichwani kwa kitu kizito. Picha ya kichwa ikaonyesha damu. Tukaona vimelingana."

"Na mimi nikapata cheti chenu kinasema kuna damu ndani ya kichwa," Inspekta alisema. "Nikaona kimelingana na fomu yangu."

Nesi alipita na trei. Mashine ilihesabu mapigo ya mtu nyuma ya kioo.

"Sahau fomu," Inspekta alisema. "Ichane kabisa. Nikupe vitu nilivyoviona, wewe uniambie. Miguu yake imekua namba nne baada ya kufika utu uzima. Pete imekatwa. Uso huu si wa kwenye pasi. Anatoa jasho, anakoroma, kichwa kinauma. Anaona mbele, lakini haoni vilivyo pembeni, pande zote mbili. Jana kichwa kikampasuka ghafla, mwanga ukamchoma, akatapika, kisha akaanguka."

Daktari alikuwa ameshaanza kutembea. Inspekta alimfuata mpaka kwenye kompyuta ya chumba cha manesi, ambapo picha ya kichwa ilifunguka pole pole, mstari baada ya mstari.

"Damu ya kipigo huwa karibu na fuvu, au imetapakaa," daktari alisema, zaidi kwa nafsi yake. Kidole chake kilishuka mpaka katikati ya picha, nyuma ya pua, chini kabisa ya ubongo. "Hii imekaa hapa. Imejikusanya kama goroli. Jana niliitazama hii picha. Niliitazama kwa macho haya haya."

"Kuna nini hapo?"

"Tezi ya pituitari. Ni ndogo kama punje ya njegere, lakini ndiyo inayoziamrisha tezi nyingine. Ukuaji, presha, nguvu ya mwili kustahimili ugonjwa. Yake imeota uvimbe unaomwaga homoni ya ukuaji miaka yote hii. Juu yake inapita mishipa ya macho. Uvimbe ukiisukuma, unapoteza kuona pembeni, taratibu, mpaka mwenyewe usijue." Aligusa goroli ile kwa ncha ya kalamu. "Uvimbe wa aina hii ni nadra. Unaovuja damu ghafla ndani yake ni nadra zaidi. Mimi nimeusoma kitabuni tu, usiku wa kuamkia mtihani."

"Kwa hiyo ugomvi haukumuua."

"Hajafa!" Daktari aligeuka kwa ukali, kisha macho yake yakapanuka. "Presha. Tangu alfajiri presha inashuka, tunamimina dripu haishiki. Mwili hauna homoni ya kuishikilia, tezi imezimika! Nesi! Haidrokotisoni, miligramu mia moja, kwenye mshipa, sasa hivi! Na unipigie daktari wa upasuaji wa ubongo, mwambie aache chakula."

Inspekta alirudi nje kwenye benchi. Ilikuwa saa saba na nusu. Hakuna aliyemwambia aondoke, na hakuna aliyemwambia akae. Alimweleza yule mke kila kitu, kwa maneno mafupi, bila kujitoa mwenyewe katika makosa.

Mke alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hakuna aliyempiga."

"Hakuna."

"Toka jana nimekesha nikimchukia yule mzee. Nimemchukia vizuri kabisa, mpaka nikapata nguvu ya kukaa hapa." Aliukunja mfuko wa plastiki, akaukunjua. "Sasa nimchukie nani?"

Inspekta alikaa karibu naye.

Saa nane na robo daktari alitoka, ameegemea mlango. "Presha imeanza kupanda. Wanamwandaa. Watapitia puani, hawatapasua fuvu." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Siahidi macho. Lakini jioni ataifika."

*

Saa kumi kasoro dakika kumi, mkuu wa kituo alimkuta Inspekta amekaa na faili wazi.

"Limekwenda?"

"Bado. Kuna sentensi moja ninaifuta."

"Ya nani?"

"Yangu."

Alipiga mstari mmoja ulionyooka juu ya maneno "Amepigwa kichwani kwa kitu kizito", ili yaendelee kusomeka, kama utaratibu unavyotaka. Kando yake aliandika: "Nilihitimisha kabla ya kuchunguza." Akatia saini na tarehe. Chini aliorodhesha matapishi na umbali wake kutoka mlangoni, jeraha moja, kona ya rafu, boksi lenye tundu la ndoano, maelezo ya daktari. Mkuu wa kituo alisoma akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akasoma ameketi.

"Hii itakugharimu kwenye ripoti ya mwaka," alisema.

"Najua, mkuu."

"Mtoe yule mzee."

Mzee Saizi alirudishiwa mkanda, kamba za viatu na funguo. Alisaini, akasimama pale kaunta kama mtu asiyekumbuka mlango uko upande gani.

"Kwa nini hukuniambia kwamba ulikuwa unamshushia zile buti?" Inspekta alimuuliza.

Mzee alihangaika na mkanda. "Ningekuambia, ungeuliza kwa nini sikumpa tangu mwanzo. Miguu ilikuwa inaniambia kitu, afande. Miaka minne mfululizo. Hakuna mtu pale kiwandani aliyepewa nafasi ya kuuona ugonjwa ule kwa maandishi ila mimi, tena mwaka kwa mwaka. Mimi nikaona wizi."

"Mimi niliona kipigo," Inspekta alisema. "Nenda nyumbani, mzee. Ukalale."

Siku ya tano Inspekta alimkuta mzee mbele ya wodi, amenyoa ndevu, amebeba boksi kwapani. Boksi lilikuwa na tundu.

"Sijui kama ataniruhusu," mzee alisema.

Waliingia pamoja. Msimamizi alikuwa ameinuliwa na mito miwili, pamba puani, anatazama ukuta ulio mbele yake. Mkewe alikuwa akimlisha uji kwa kijiko. Mzee alisimama kushoto kwa kitanda, akavua kofia.

"Habari za leo, bwana msimamizi?" alinong'ona.

Msimamizi alishtuka, macho yakahangaika bila kutua popote, na kijiko kikamwaga uji shukani. Mzee aligeuka kwa Inspekta, uso umesawijika. Alikuwa tayari kuondoka.

Inspekta alimshika kiwiko. Alimwongoza hatua tano, akazunguka naye mpaka miguuni mwa kitanda, pale ambapo visigino vipana vilivuka mwisho wa shuka, akamsimamisha katikati kabisa.

Msimamizi alikunja nyusi. Kisha uso wote ule mpya ukafunguka.

"Mzee Saizi," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Shikamoo. Umekuja lini? Mbona hukuniita?"